Bugi la Mwisho la Kisarawe

Kwa miaka mingi niligombana na watu kuhusu sura ya mtu ambaye sijapata kumwona. Mimi ni mbishi, sikatai, mume wangu ni shahidi. Pale Picha ya Ndege tulipojenga, Kibaha, watu wakikaa barazani jioni na mazungumzo yakafika kwenye muziki wa dansi, lazima mmoja atamtaja yule mwimbaji, na mwingine atadakia, "Yule mfupi mnene?" Hapo mimi nawaka. "Mfupi nani? Yule mrefu, mwembamba, mweusi tii, ana mwanya, na ana kovu chini ya kidevu!" Wananitazama. "Shemeji, wewe ulimwona wapi?" Nami najibu bila haya kwamba sikumwona mimi, alimwona bibi yangu. Watu walikuwa wanacheka mpaka wanashika mbavu, na mimi naingia ndani na kufunga mlango kwa kishindo.

Jina lake silitaji. Waliokuwepo enzi zile wanamjua, na wasiokuwepo halitawasaidia kitu.

Nililelewa Visiga, kando ya barabara ya Morogoro, baba alipohamishiwa hapo wakati wa kuanzishwa vijiji. Mali za maana nyumbani kwetu zilikuwa mbili, baiskeli na redio, na baiskeli haikuwa yangu kwa vyovyote. Redio niliihesabu yangu. Betri zikichoka nilizianika juani pamoja na makopa ya mihogo, zikipata joto redio inazinduka, inaimba nusu saa, halafu inakufa tena. Nusu saa hiyo nilikuwa naivizia imwangukie yeye. Alikuwa na sauti nzito kidogo, yenye mkwaruzo, kama mtu aliyeamka sasa hivi na hajanywa maji. Wimbo wake niliokuwa naupenda kuliko zote ni wa mtu aliyeko kazini mbali, anawauliza wapita njia kama kuna anayekwenda kwao, akamwangalizie kama nyumba yake imeezekwa. Hamna zaidi. Anauliza paa tu, hataji mke wala mtoto, lakini unajua. Nilikuwa naulilia wimbo ule nikiwa sijajua hata mume ni mdudu gani.

Mama yangu hakuwa mtu wa muziki. Alikuwa mtu wa kucheka, na akicheka mwanya wake wote uko nje, lakini redio ikiimba yeye anawaza kisamvu chake kama kimeiva. "Mnasikiliza watu wanaolia," alikuwa akisema. "Mtu akilia si aende akabembelezwe kwao?"

Bibi mzaa mama ndiye aliyekuwa na neno na redio. Alikuwa anakaa Kisarawe, anakuja kututazama mara kwa mara na kapu lake la machungwa. Mimi aliniita mke mwenzangu, kama mabibi wengi wa kwetu wanavyowatania wajukuu wao wa kike, eti tunagombea mume mmoja, babu. "Mke mwenzangu, hujambo? Njoo unitilie uzi kwenye sindano, mume wetu kaniachia macho mabovu." Angeweza kusikiliza taarabu, kwaya, taarifa ya habari, hata hotuba za bei ya korosho. Lakini akianza kuimba yule wangu, hata kabla ya kumaliza mstari wa kwanza, bibi anasema, "Zima."

"Bibi, wimbo huu ndio mzuri."

"Nimesema zima. Sauti gani hiyo, inaingia nyumbani kwa watu bila hodi."

Nilikuwa nazima huku nimevimba. Nilijua bibi anamchukia mwimbaji wangu, na kwa ajili hiyo nilimpenda mara mbili.

Hapa niseme jambo moja kuhusu huyo mume wetu. Babu niliyemjua mimi, mtu mfupi, mpole, mfanyabiashara wa machungwa, alikuwa mume wa pili wa bibi, na alikuwa amekwishafariki. Aliyemzaa mama alikwenda Tanga kukata mkonge mama akiwa bado ananyonya, homa ikamchukua huko huko. Hayo tu ndiyo tuliyoyajua. Kwetu mwanamke hamtaji mume wa kwanza ndani ya nyumba ya mume wa pili, ni kumvunjia mwenye nyumba heshima, na bibi alikuwa mshika desturi hata huyo wa pili alipokuwa kaburini. Mama alikua bila kujua baba yake alikuwa mweupe au mweusi. Picha hazikuwepo, nani wa kupiga picha siku zile? Alimwuliza bibi mara moja, siku ya harusi yake, akajibiwa, "Uliyelelewa naye ndiye baba yako." Hakuuliza tena.

Basi nilipovunja ungo, wakasubiri nimalize darasa la saba, maana serikali ilikuwa haitaki kusikia wasichana wanafungiwa ndani wanaacha shule. Nikamaliza. Siku hiyo hiyo nikafunikwa kanga, nikapelekwa Kisarawe kwa bibi kuwekwa ndani.

Mwali hatoki. Hapigi kelele, hacheki kwa sauti, haonekani na mwanamume, jua halimgusi. Kungwi wangu, mama mmoja jirani mwenye maneno mengi, alikuja asubuhi kunifunda na kuniletea habari za mjini, yaani Kisarawe yenyewe, ambayo wakati ule ilikuwa boma, soko, msikiti na maduka machache. Mlinzi wa mlango alikuwa bibi. Nililishwa uji wa asubuhi, uji wa saa nne, wali wa nazi mchana, mihogo jioni. Kwani kazi ya mwali ni kunenepa. Siku ya kutolewa anabebwa mabegani mbele za watu, na wanawake wote wa Kisarawe wanamtazama mikono na shingo. Akitoka amekonda, hasemwi yeye. Anasemwa aliyekuwa akimlea.

Nyumba ya pili ilikuwa ya mwenyekiti wetu, naye alikuwa na redio kubwa aliyoiweka dirishani ili kila mtu ajue anayo. Kwa hiyo muziki niliupata bure, nimelala chali kitandani. Ila bibi hakuweza kumwambia mwenyekiti azime. Alichokuwa anafanya ni hiki: sauti ya yule mtu ikianza tu, anainuka alipo, anashika mchi, anaanza kutwanga. Kama kuna mpunga, anatwanga mpunga. Kama hakuna, anatwanga kinu kitupu. Puu! puu! puu! mpaka wimbo uishe. Mimi niko ndani nauma kanga kwa hasira. Kinu kitupu mlio wake unajulikana, unagonga mti kwa mti, na alidhani mimi mtoto sijui.

Ndipo ikatangazwa ziara. Bendi ilikuwa ya shirika moja la umma, ikatumwa kuzunguka Pwani kuhimiza watu kulima, si unajua mambo ya wakati ule, hata ukienda kucheza utahimizwa kwanza. Wangeanza Mlandizi, wapige Visiga, wapige Kibaha, wamalizie Kisarawe kwenye ukumbi wa jamii, Jumapili, bugi la mchana. Bugi ni dansi la jua kali, la vijana, soda tu hakuna pombe, na saa kumi na mbili kila mtu kwao.

Nilisikia tangazo lile nikakaa kitako. Visiga! Watapiga Visiga, uwanja wa shule, mbele ya nyumba yetu, na mimi niko Kisarawe. Halafu watakuja Kisarawe, na mimi niko ndani. Mtu unaweza kukosa bahati, lakini si hivyo.

Nikawa naifuata ziara nikiwa kitandani. Kungwi alikuja na habari kutoka sokoni: Mlandizi walijaa mpaka juu ya miti, Kibaha jenereta ilizimika wakaimba mikono mitupu. Kutoka Visiga mama alituma salamu na mtu wa machungwa. Bendi imepita, watoto wote walikwenda, yeye hakutoka hata mlangoni kwa sababu alikuwa anaanika mpunga na kuku walikuwa wengi. Nililia kwa salamu hizo. Halafu kungwi akaleta kubwa kuliko zote, akaninong'oneza kama anayenifunda: baada ya Kisarawe bendi inavunjika. Wengine wanahamishiwa bendi nyingine, na yule mwimbaji anaacha, anarudi kwao bara kulima. Ukumbi wa Kisarawe ndio mwisho wao.

Nilimwambia bibi nataka kwenda. Nilijua jibu, lakini nilisema.

"Unataka kwenda wapi?"

"Ukumbini. Nijifunike kanga mbili, nichungulie dirishani mara moja, nirudi."

"Mtume! Mwali dansini?" Alikaa chini kabisa. "Mke mwenzangu, unataka waniimbe? Waseme bibi fulani mwali wake alitoroka kufuata magitaa? Hata huko Tanga watasikia."

"Ni mara ya mwisho, bibi."

"Ya mwisho kwa nani? Watu huimba tangu Nabii Daudi, na hawajaisha."

Nilijua mahali pa kumkamata. Kesho yake uji ulipokuja nikageuza uso ukutani. Wali nao hivyo hivyo. Bibi alidhani naumwa, akaniwekea kiganja kwenye paji la uso. Siku iliyofuata akajua. Mwanamke yule hakunipiga wala hakunikemea. Alikuja akanishika mkono wa juu kwa vidole vyake, akaupapasa kama anayepapasa kuku sokoni, na nikasikia pumzi zimempaa. Kutolewa kwangu kulikuwa karibu, mbuzi alikwisha kufungwa kwenye mpera.

"Unanitia aibu kwa makusudi," akasema.

"Nataka kumwona tu. Nikimwona mara moja sitaomba kitu kingine maisha yangu."

Alikuwa amekaa kwenye kigoda, anachambua mchele kwa vidole, maana aliuchambua kwa kuupapasa, punje moja moja. Mwishowe akasema, "Kula. Nitakwenda mimi nikakutazamie. Nitakuja kukueleza alivyo, mguu hata kichwa, itakuwa kama umemwona mwenyewe."

"Wewe? Si unamchukia?"

"Nimesema nitakwenda. Bakuli hilo, maliza."

Nikala. Wallahi nilikula bakuli zima, nikaomba jingine.

Jumapili ile bibi alivaa kanga mpya, akachukua mwavuli, na kungwi akamshika mkono wakashuka pamoja. Mwenyekiti alikuwa ameahidi kumwekea kiti cha mbele, kwa umri wake. Mimi nikabaki na shangazi mmoja wa jirani mlangoni, aliyesinzia kabla hata ngoma haijapigwa. Ukumbi haukuwa mbali. Gitaa la kwanza lilipolia nilisikia mpaka miguuni.

Nisikudanganye, raha ile haijarudi tena. Nilikuwa peke yangu kwenye chumba chenye giza, nimepakwa liwa, harufu ya mvungu na ubani, na nje jua linawaka na watu wa Kisarawe wanashangilia. Tarumbeta zilikuja na upepo, zikipotea nilijazia mwenyewe, kwa kuwa nyimbo zote nilizijua. Nilicheza nimeketi. Alipoanza ule wa paa la nyumba, niliziba mdomo kwa mkono nisiimbe. Kwa mara ya kwanza niliusikia mzima pale Kisarawe bila kinu. Aliimba polepole kuliko redioni, na mwishoni alirudia swali lake mara nyingi, kama hataki uishe, na watu wakawa wanamwitikia. Halafu magitaa yakanyamaza, mtu akahutubia kidogo kuhusu muhogo, na ikawa basi. Nilisikia watu wanatawanyika, wanaongea, viatu njiani. Nililala chini sakafuni kwenye baridi.

Bibi alirudi macho mekundu. Akasema vumbi, ukumbi ule haukumwagiwa maji. Akavua viatu, akakaa ukingoni mwa kitanda changu, akakaa tu.

"Bibi, yukoje?"

"Subiri nipumue."

Akapumua. Kisha akaanza kunieleza, na sijapata kusikia mtu anaelezwa vile. "Mrefu," akasema. "Akiingia mlangoni anainama. Mwembamba, mweusi wa kung'aa, mweusi mzuri. Ana mwanya hapa juu, na kabla ya kuimba anacheka kidogo, kama ameona haya. Chini ya kidevu ana kovu, dogo, unaliona akiinua uso. Mikono mikubwa. Mikono ya kulima ile, si ya kushika kipaza sauti. Jasho analifuta kwa mgongo wa mkono, hivi, na halafu anaufuta mkono mapajani. Akisimama uzito wote anauweka mguu wa kushoto, wa kulia anaupumzisha. Na akimaliza kuimba hatazami watu. Anatazama chini, anatafuta pa kwenda."

"Ni mzuri?"

Bibi akanipiga kofi dogo la paja. "Mke mwenzangu," akasema, "usiniulize lisilofaa kujibiwa."

Nikamwuliza shati. Akasema hakuangalia shati. Nilishangaa kidogo, lakini nilikuwa na vingi vya kutafuna.

Asubuhi yake nilisikia lori lao linapanda mlima kwa gia ndogo, linaelekea Dar es Salaam, na vijana wanalikimbilia wakipiga mayowe. Kisha kuku, kisha mchi wa jirani. Sikuwa na huzuni niliyoitarajia. Nimekuja kuwaona mashabiki wengi tangu hapo, bendi ikivunjika wanalia kama msiba, wanatupa santuri. Mimi yangu ilivunjika nikiwa nimeshiba. Nilikuwa na mtu mzima mzima, mrefu, ana mwanya na kovu, na hakuna aliyeweza kuniondolea. Redio nayo iliendelea kumwimbisha kama kwamba hakuacha. Nikatolewa kwa heshima zote, nimenona, shingo ina mikunjo mitatu, wanawake wakapiga vigelegele na bibi akacheza mpaka kanga ikamvuka.

Nikaolewa Kibaha. Nikaanza ule ubishi wa barazani. Nilishabishana na mwalimu, na utingo wa lori, na fundi mmoja wa Sofu aliyeapa kwamba alicheza bugi lenyewe la Kisarawe akiwa mbele kabisa. "Mama, yule bwana ni kama pipa," akaniambia. Nikamwambia macho yake yana makengeza.

Siku moja nilinunua maandazi kwa mama mmoja kando ya barabara, akanifungia kwenye gazeti. Nimefika nyumbani nakunjua, mafuta yameloanisha karatasi, na pale kuna picha ya mtu ameshika kipaza sauti. Chini limeandikwa jina lake, lile lile! Mfupi. Mnene. Uso wa duara kama sahani. Anacheka, meno yamebanana hata uzi haupiti. Kovu hakuna. Nilikaa na gazeti lile mapajani, maandazi yakapoa. Fundi wa Sofu alikuwa amesema kweli, watu wote walikuwa wamesema kweli. Nilimkasirikia bibi kwa hasira ambayo mtu mzima anapaswa kuionea haya. Nilisema: hakwenda. Alikaa kwa kungwi akinywa chai, akaja akanitungia.

Mwaka huo huo macho yake yakafunga kabisa. Alikuwa anagonga milango. Mama akamleta kwangu Kibaha ili tumpeleke hospitali, na daktari, kijana mwenye adabu, akammulika, akatoka nje kuzungumza na sisi. Mtoto wa jicho, akasema, macho yote mawili, na si wa jana. "Huyu bibi hajaona uso wa mtu kwa miaka mingi sana. Anawajua kwa sauti. Hamkugundua?"

Mama akashika mdomo. Mimi nikakumbuka sindano, na mchele wa kupapasa, na mkono wangu wa juu ulivyoshikwa kama kuku. Nikakumbuka shati.

Jioni ile tulikuwa sebuleni kwangu, bibi kwenye mkeka, mama anamkanda miguu kwa mafuta ya nazi. Tulikuwa tunasubiri siku ya upasuaji. Sikuweza kuvumilia, mimi na mdomo wangu.

"Bibi, siku ile ya bugi ulikwenda kweli?"

"Nilikwenda. Kiti cha mbele."

"Nimeona picha ya yule mtu gazetini. Ni mfupi. Ni mnene. Hana mwanya, hana kovu."

"Ee?" Bibi akacheka, akacheka kwa kweli, tumbo likatikisika. "Mfupi? Yarabi! Na sauti ile yote!"

"Bibi, sasa wewe ulinieleza nani?"

Akaacha kucheka. Mkono wake ukatafuta kichwa cha mama, ukakipata, ukatulia juu ya kitambaa.

"Nilikaa pale mbele sioni kitu," akasema. "Mwanga tu na watu kama moshi. Nikasema nitamwambia nini mtoto? Yule akaanza kuimba. Nikafumba macho, nikaona yaleyale, kama nilivyokuwa nayaona kila siku ile redio ikifunguliwa, nikawa natwanga nisiyaone. Siku ile sikuwa na kinu. Akaja akasimama mbele yangu kama alivyokuwa anasimama shambani akiamia ndege, akiwafukuza. Alikuwa anaimba siku nzima kwenye mpunga, ndege wenyewe walimzoea. Sauti ile ile, na mkwaruzo ule ule." Akavuta pumzi. "Mke mwenzangu, niliyekueleza ni mume wetu. Wa kwanza."

Mama alikuwa ameacha kukanda. Mikono yake iliyojaa mafuta ilibaki hewani juu ya miguu ya bibi. Alikuwa na wajukuu tayari, mama yangu, mvi zimeanza, na nilimwona anakuwa mtoto mbele ya macho yangu. Hakumwuliza bibi. Mazoea. Alinigeukia mimi.

"Alikuambia yukoje?"

Nikamwambia. Nilikuwa nayajua kama alifu kwa kijiti, nimeyasema barazani miaka yote kwa kelele, nimechekwa kwa ajili yake. Mrefu, akiingia mlangoni anainama. Mweusi wa kung'aa. Kovu chini ya kidevu. Mikono mikubwa, jasho analifuta kwa mgongo wa mkono. Uzito kwenye mguu wa kushoto. Nilipofika kwenye mwanya nikasita, maana mama alikuwa amekwisha kutia ulimi wake pale katikati ya meno, anapapasa.

"Rudia," akasema. Nikarudia. Bibi alikuwa anaitikia kwa kichwa kwenye kila neno, anahakikisha, na pa kovu akaongeza kwamba ni la mundu, utotoni.

Bibi alipasuliwa, akaona vizuri miaka yake ya mwisho, akaniambia nimezeeka. Hakumtaja mtu yule tena. Alisema amekwisha kusema.

Ila mama alinunua redio. Mama yangu, aliyeachia ziara nzima ipite mbele ya mlango wake kwa sababu ya kuku! Akaiweka dirishani Visiga, na betri akawa anazianika mwenyewe. Nikienda kumtazama na wanangu, wanakimbia uani, wanapiga makelele, na mara sauti ile inaanza, nzito, yenye mkwaruzo, inawauliza wapita njia kama kuna anayekwenda kwao. Mama anaweka chini alichoshika.

"Nyamazeni," anawaambia wanangu. "Baba anaimba."